Shikamoo ya Kulala Chali

Nyololo ina kila kitu cha kijiji cha milimani kule Uswisi, isipokuwa theluji na Waswisi. Vilima vipo. Mipaini ipo mpaka macho yachoke, maana Mufindi ndiko liliko Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko yote nchini. Baridi ndiyo usiseme: Juni na Julai maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole, na usiku ukiwa mkavu utaamka ukute sakitu imeunguza majani ya viazi. Hata utulivu tunao, ukishaiacha barabara kuu na malori yake ya Tunduma.

Kwa hiyo mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam, kichwa kimejaa video za watu wanaoteleza milimani, sikumkatisha tamaa. "Anko, hapa kinachokosekana ni mbao tu," akasema. Mbao! Kumwambia hivyo mtu wa Mufindi ni kama kumuuliza Mpemba iwapo amewahi kuona karafuu. Tukaenda kwa wapasua magogo tukaokota mabanzi, tukayapiga randa, chini tukayapaka nta ya mshumaa, miguuni tukayafunga kwa tyubu ya baiskeli. Fito za mlanzi zikawa mikongojo. Theluji tuliiazima kwa mipaini: majani yake makavu yakilaliana kwenye mteremko, hata mbuzi hupita hapo kwa kufikiri.

Shujaa wa mpwa wangu ni Philip Boit, yule Mkenya wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Boit alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, yaani wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit hakusahau, mwanawe alimpa jina la Dæhlie. Basi kijana akataka naye asubiriwe. Nikashuka chini nikapanua mikono. Akaja, akanipita kwa kasi ya basi la Mbeya, akaenda kukumbatia lundo la maranda. Alipofukuka humo, nyusi zilikuwa nyeupe. Kidogo tulikaribia theluji.

Wenzetu Ulaya hupandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya. Sisi tulipandishwa na bodaboda kwa shilingi mia tano, mabanzi yakiwa yamelazwa mapajani, na dereva akagoma kuondoka kabla hajaona mwisho wake. Watoto walikwisha kujipanga pembeni. Zamu yangu.

Mwanzo ulikuwa wa heshima kabisa. Kisha banzi la kushoto likaamua kwenda Mbeya na la kulia likaelekea Iringa, nami mwenye miguu nikabaki sina upande. Nilivuka kichaka, nikaacha kipande cha suruali kwenye kisiki, nikaibukia kwenye njia ya kuni na kusimama, kama huko ni kusimama, miguuni pa mama mkwe wangu.

Mtu hufundishwa kumwamkia mkwe kwa adabu. Ya kumwamkia ukiwa chali hufundishwi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, mzigo wa kuni umetulia kichwani. "Huko juu hakuna njia?"

Akanipita taratibu. Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imekwisha kunywa chai: mke wangu ameshatoa sindano na uzi, akaomba nimgeuzie mgongo aone ukubwa wa kazi.

Ukitaka theluji yenyewe, nenda Afriski kule Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, au Dubai, ambako tangu 2005 wanaitengeneza ndani ya jengo la maduka. Huko utatoa pasipoti na pesa ndefu. Nyololo unashuka kwenye basi Njia Panda, basi. Njoo na sweta na suruali ya akiba. Na kama umeoa huku, ulizia kwanza wakwe wanachanja kuni upande gani.