Barua ya Wazi kwa Wauzaji wa Utoto Wetu

Kumb. Na. KTN/GMU/1994/2019

Kwa Wakurugenzi Wakuu,
Kampuni za Katuni na Gemu,
Burbank, New York, Kyoto na popote mlipo.

YAH: PONGEZI KWA KUTUUZIA TENA TULICHOKUWA NACHO

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni watu wazima wa Afrika Mashariki. Tuna watoto, tuna madeni, na wengine wetu daktari ameshaanza kutuuliza habari za chumvi. Tunawaandikia kwa heshima zote kuwashukuru kwa jinsi mnavyotujali, maana hakuna serikali, dhehebu wala benki inayoukumbuka utoto wetu kwa bidii kama ninyi. Benki hutukumbuka mwisho wa mwezi. Ninyi hutukumbuka kila Mario anapotimiza miaka.

Tuanze na ndugu zetu wa Burbank. Tangu Cinderella ya 2015, Disney haijapata usingizi kwa kuzitengeneza upya katuni zake: The Jungle Book mwaka 2016, Beauty and the Beast 2017, Aladdin na The Lion King 2019, Mulan 2020, The Little Mermaid 2023, kisha Snow White na Lilo & Stitch 2025. Sanduku la bibi limefunguliwa, kila kanga iliyokuwemo imefuliwa, imepigwa pasi, na wajukuu wanauziwa.

The Lion King ndiyo inayotugusa zaidi, kwa kuwa baadhi ya wahusika wake wanaitwa kwa majina ya lugha yetu. Ile ya 1994 ilichorwa, na simba wake walikuwa na nyusi. Nyusi zile zilifanya kazi kubwa: zilihuzunika, zilidanganya, zilitubu. Mwaka 2019 mkagundua kwamba simba wa kweli hana nyusi. Ni kweli, hana. Basi Simba akamshuhudia baba yake akifa kwa uso uleule anaopigia miayo. Mwongozaji wenu, Jon Favreau, alisema ni picha moja tu katika filamu nzima iliyopigwa kwa kamera, ile ya macheo ya mwanzo, na zote zilizobaki ni kazi ya kompyuta. Hongereni sana. Mmetumia mitambo yote hiyo kumpata mnyama asiyeonyesha hisia, na Serengeti tunao wa namna hiyo kwa maelfu, wala hawadai malipo. Filamu iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Mwenye kuuliza nyusi zilikwenda wapi, jibu lake ndilo hilo.

Ni ninyi hao hao mlioomba mwaka 1994, mkapewa mwaka 2003, alama ya biashara nchini Marekani ya kuandika "Hakuna Matata" kwenye fulana. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameshayaimba maneno hayo mwaka 1982. Hatulalamiki. Tunalitaja ili ieleweke tu kwamba shauri la nani anamiliki kumbukumbu za nani halikuanza leo baina yetu.

Tunaomba pia kupongeza gemu ya filamu hiyohiyo. Gemu ya The Lion King ya 1994, iliyotengenezwa na Westwood, ilikuwa na hatua ya pili iliyowaliza watoto mabara yote: nyani wanakurusha huku na huko, mbuni anakubeba mbio, twiga wanakungoja, na wewe una roho chache. Miaka mingi baadaye Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alieleza kwamba ugumu ule ulikuwa wa makusudi. Watoto wa Marekani walikuwa wakikodi gemu madukani kwa siku chache, na ilitakiwa wasifike mbali ndani ya siku hizo ili wazazi walazimike kununua. Mwaka 2019 gemu hiyo ikauzwa tena, safari hii ikiwa na uwezo wa kurudisha nyuma kila unapokosea. Hii ndiyo biashara, Waheshimiwa. Mwaka 1994 mliuza ugonjwa, miaka 25 baadaye mkauza dawa, na mgonjwa ni yuleyule.

Ndugu wa New York nao hawakubaki nyuma. Novemba 2021 Rockstar ilitoa GTA III, Vice City na San Andreas zikiwa zimekarabatiwa. Mwezi mmoja kabla, zile za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, nadhani ili mnunuzi asisumbuke na kuchagua. Ukarabati wenyewe tuliupokea kwa mshangao. Mvua ilinyesha nyuzi nyeupe nene hata dereva haoni boneti ya gari alilotoka kuliiba. Ukungu wa zamani, uliokuwa ukisitiri udogo wa jimbo zima la San Andreas, uliondolewa, na ukiwa angani ukaona miji yote mitatu imebanana kama wilaya moja. Halafu kuna lile duka la donati. Alama yake ilikuwa nati kubwa ya chuma yenye pembe sita, na utani wote ulikuwa hapo. Aliyepewa kazi ya kulainisha akaona pembe, akazilainisha. Nati ikawa duara, utani ukafa, na hakuna aliyeandika taarifa ya msiba.

Rockstar iliomba radhi hadharani na kuzirudisha zile za zamani kwa wanunuzi wa kompyuta. Novemba 2024 ikatoa maboresho mengine, na sehemu iliyoshangiliwa zaidi ilikuwa mwanga wa kizamani. Yaani baada ya miaka mitatu ya kufanyia kazi ukarabati, hatua kubwa iliyopigwa ni kuufanya ufanane na hali ya kabla ya ukarabati.

Wengine mmeona kusubiri tuzeeke kunachelewesha mapato. Gemu ya The Last of Us ilitoka 2013, ikang'arishwa 2014, kisha 2022 ikatengenezwa upya na kuuzwa kwa dola 70. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka alikuwa hajamaliza shule ya msingi, na tayari alikuwa ana zama zake za kale za kulipia.

Na Kyoto je? Septemba 2020, katika kuadhimisha miaka 35 ya Super Mario Bros., Nintendo ilikusanya gemu tatu za Mario za miaka ya 1996, 2002 na 2007 ikaziweka kwenye pakiti moja. Ikatangaza kwamba pakiti hiyo itauzwa hadi tarehe 31 Machi 2021, basi. Hatukujua kabla ya hapo kwamba kumbukumbu huwekewa tarehe ya mwisho wa matumizi. Machi 2023 ikafunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Gemu ambazo hazikuwahi kuuzwa kwingine zilifungiwa humo humo.

Wahenga wetu walituachia kauli mbili zisizoelewana: ya kale dhahabu, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Tumeshindwa kuzipatanisha tangu enzi na enzi. Ninyi mmeweza. Bei mmechukua ya dhahabu, kidonda mmetuachia.

Sasa turuhusuni tuwataje watu msiowapenda: wale waliotunakilia.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja vituo vyake vya kwanza hadi 1994. Kwa hiyo katuni nyingi zilitufikia kwa mkono wa mtu: mkanda wa video ulionakiliwa kutoka mkanda mwingine, nao ulinakiliwa kutoka mwingine, hadi Tom na Jerry wakawa rangi moja ya kijivu. Hatukupungukiwa. Paka na panya wale, waliozaliwa studio za MGM mwaka 1940, hawana maneno mengi, na kipigo hakihitaji mkalimani. Filamu zenye maneno zilipata wakalimani wake: Lufufu Dar es Salaam na DJ Afro Nairobi, waliozisimulia upya kwa Kiswahili, na pale mwandishi wa Hollywood alipoishiwa, wao wakaongeza.

Gemu nazo zilikuja bila baraka za Kyoto. Mashine zilikuwa nakala za Famicom ya 1983, zilizotengenezwa na watu ambao hawakumwomba mtu ruhusa. Kaseti iliandikwa kuwa ina gemu 9999, na ndani yake mna Contra, Mario, vifaru na bata, kisha hao hao tena kwa majina mengine. Isiposhika, inapulizwa. Baadaye zikaja CD za kuchomwa na PlayStation 2 zilizowekewa chipu, na San Andreas ikapata makazi ya kudumu katika kila kibanda cha gemu, mia mbili kwa raundi.

Kisheria huo wote ni wizi, na wakili hatuna. Ila hesabu inatutatiza. Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti uliobaini kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipo tena sokoni. Katika kila gemu 100, ninyi wenye mali mmebakiza 13 madukani. Nyingine zikitafutwa, aghalabu hukutwa kwa wale wale mnaowaita maharamia. Mwenye mali anatupa, mwizi anahifadhi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliombwa iruhusu maktaba ziwafungulie watafiti gemu hizo wakiwa mbali. Oktoba 2024 ikakataa. Moja ya hofu zilizotajwa ni kwamba watu wangeweza kuzitumia kujiburudisha. Tumeisoma sentensi hiyo mara kadhaa, tukaona ni haki. Gemu ikiingia mikononi mwa mtu anayetaka kufurahi, madhara yake hayatabiriki.

Hatusemi kwamba kila kitu cha zamani kikiguswa kinaharibika. Sega iliwahi kuikabidhi Sonic kwa Christian Whitehead na wenzake, mashabiki waliokuwa wameanza kuzitengeneza gemu zake kwa mapenzi yao, bila kutumwa na mtu. Wakatengeneza Sonic Mania, iliyotoka mwaka 2017, na wapenzi wa Sonic wakaipokea kwa shangwe ambayo hawakuwa wameipa Sega kwa miaka mingi. Siri yake haikuwa kubwa: kazi ilipewa watu waliokuwa wakiitunza tangu mwanzo. Tunaelewa kwa nini wengi wenu hamkuiga mbinu hiyo. Inafanikiwa mno.

Kwa kuzingatia hayo yote, tunaomba yafuatayo:

1. Ukarabati uwe kamili. Mkiuza utoto wetu, uzeni wote. Toleo la Afrika Mashariki liwe na TV ya chogo inayoonyesha baada ya kupigwa kofi la ubavuni, umeme unaokatika unapofika kwa adui wa mwisho, na mzazi anayeingia sebuleni saa mbili kasoro dakika moja kuweka taarifa ya habari. Pedi ya pili isichomekwe popote, apewe mdogo mtu, aamini anacheza.

2. Cha zamani kiuzwe kando ya kipya, kwa bei ya cha zamani. Mkiamini kipya ni bora, hamna sababu ya kukificha kile cha zamani.

3. Mkifunga duka, funguo mwachieni mkutubi. Maktaba haitawapokonya wateja. Vijana wetu hawajawahi kutuhumiwa kwa kujazana maktaba.

4. Wauza mikanda na wachoma CD wa Kariakoo na River Road watambuliwe rasmi kuwa Wahifadhi wa Nyaraka, wapewe vyeti, na mafao ya kustaafu ikiwezekana. Kuhifadhi nakala ya kitu ambacho mwenyewe amekitupa ni utumishi wa umma, hata kama mtumishi anadaiwa pango.

5. Simba arudishiwe nyusi.

Tunatambua kwamba kwa miaka ile yote ninyi hamkupata hata senti yetu moja. Ndiyo maana tunawaandikia sasa, tukiwa na mishahara. Fedha ipo na nia ya kulipa ipo. Tulio wengi tungelipa leo, bila kuvutana bei, tukiuziwa kitu kilekile kikiwa hakijaguswa. Hicho ndicho ambacho aghalabu hakimo kwenye orodha yenu ya bidhaa, na hadi kitakapoingia tutaendelea kuwasumbua wale wanaokiuza kwenye flashi, elfu mbili, pamoja na risiti ya maneno.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wateja wenu wa zamani, mliotujua baadaye

Nakala:
Ofisi ya Hakimiliki, Washington: kwa taarifa. Tafadhali isisomwe kwa kujiburudisha.
Mwenye kibanda cha gemu, mtaani: kwa utekelezaji.