Tume ya Kuchunguza Kuganda

(Kirumba, Mwanza, saa nne usiku. Chumba cha nyuma cha nyumba iliyoegemea jiwe, kama nyumba nyingi za mji huu. Mezani yupo Kompyuta aliyestaafishwa ofisini, ambaye Dogo, kijana wa nyumba hii, amemgeuza seva ya Minecraft ili acheze na wenzake. Dirishani yupo Ruta, kifaa cha intaneti, taa zake zinapepesa. Rafuni yupo Mzee Redio. Kwenye soketi, Simu ya Dada. Ukutani, Mjusi. Dogo ametoka sasa hivi na mlango ameubamiza.)

RUTA: Jamani, mmeona? Kofi la tatu wiki hii! Mchezo ukiganda, kofi. Akishanipiga ananizima, anahesabu mpaka kumi, ananiwasha. Naamka sijui hata naitwa nani.

MZEE REDIO: Pole, mjukuu wangu. Nchi hii mtandao ndiye mshtakiwa wa kudumu. Ukifuata cheti ofisini, mtandao unasumbua. Ukidai hela yako dukani, mtandao unasumbua. Mchumba asipopokea, mtandao ulisumbua. Lakini sisi ni wastaarabu. Naunda tume. Mwenyekiti ni mimi, kwa umri. Katibu, Simu, kwa sababu anaandika haraka.

SIMU: Posho je, Mzee?

MZEE REDIO: Tuanze na kazi, binti.

SIMU: Mzee, tume isiyo na posho ni kikao cha ukoo.

MZEE REDIO: Haya, kila mjumbe dakika ishirini kwenye soketi, LUKU ikiwepo. Andika sasa. Hadidu za rejea: kuchunguza ni kwa namna gani Ruta amegandisha mchezo.

MJUSI: Tst, tst, tst! Hukumu imetangulia, ushahidi unafuata nyuma na bodaboda?

MZEE REDIO: Wewe mjusi kafiri, nani kakuita?

MJUSI: Ukafiri wangu ni wa jina tu, Mzee. Shikamoo. Mimi nalala nyuma ya Kompyuta kwa ajili ya joto lake. Naona nani anafanya nini humu, na saa ngapi.

MZEE REDIO: Marahaba. Lakini suala hili ni la kitaalamu. Mimi nasikiliza taarifa ya habari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika huko kusini, na intaneti ya Tanzania nzima ikayumba. Ni bahari hiyo!

MJUSI: Zilitengenezwa, Mzee. Halafu mmoja wa wanaolalamika yuko Nyakato. Kutoka Nyakato kuja Kirumba unavuka bahari gani?

(Kimya. Simu anafuta mstari.)

MJUSI: Naomba kuuliza swali moja. Mchezo ukiganda, wanaganda wote au anaganda mmoja? Mtumbwi ukitoboka, wanalowa wote. Akilowa mmoja, muulize alikaa wapi.

RUTA: Inategemea siku. Jumamosi waliganda wote, hata Dogo mwenyewe aliyekaa hapa hapa mezani.

MJUSI: Na jua la mchezo lilikuwaje?

MZEE REDIO: Sasa jua linaingiaje kwenye kesi ya mtandao?

MJUSI: Siku moja ndani ya Minecraft, asubuhi mpaka asubuhi, ni dakika 20 za saa ya ukutani. Jumamosi nililitazama jua lile kwenye skrini. Siku ilichukua dakika 40. Ruta habebi jua. Anayelisogeza ni Kompyuta.

(Wote wanamgeukia Kompyuta. Anahema kwa nguvu.)

KOMPYUTA: Nilijua itafika hapa. Wazee wangu, mnakumbuka Kigongo na Busisi kabla ya daraja, watu wakivuka kwa kivuko? Mimi ni kivuko. Sheria inanitaka niondoke mara 20 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 50. Safari moja inaitwa tiki. Kila tiki lazima nipakie kila jambo: nani kasogea, nani kabomoa tofali, maji yametiririkia wapi, kuku gani kataga. Nikipakia kwa milisekunde 30, napumzika 20 zinazobaki. Jumamosi upakiaji mmoja ulikula milisekunde 100. Badala ya safari 20 nikafanya 10. Ndipo jua likachechemea, na mlango uliofunguliwa ukasubiri kufunguka.

MZEE REDIO: Na kwa nini hukusema?

KOMPYUTA: Nimesema! Ninalo daftari la kumbukumbu, kila tukio nalinukuu. Jumamosi nimeandika mara kumi na tisa: siwezi kwenda na kasi, nimechelewa milisekunde 2,400, sawa na tiki 48. Hakuna aliyelifungua. Kofi halihitaji kusoma.

SIMU: Lakini kwa nini upakiaji ni mzito hivyo?

KOMPYUTA: Kwanza, kuku. Dogo amejenga banda ndani ya mchezo, mayai yanaanguliwa yenyewe. Kuku wamefika mia tisa. Kila kuku, kila tiki, lazima nimuulize: unaenda wapi, umegonga nani, unataga? Pili, macho. Upeo wa kuona ulikuja ukiwa vipande 10 vya dunia ya mchezo kila upande. Maana yake kila mchezaji namwandalia mraba wa vipande 21 kwa 21, jumla 441. Dogo akaona 10 ni umaskini, akaandika 32. Mraba ukawa 65 kwa 65.

MZEE REDIO: Katibu, piga hesabu.

SIMU: Vipande 4,225, Mzee. Kwa mchezaji mmoja.

KOMPYUTA: Na kumbukumbu yangu ni gigabaiti 4 tu, nagawana na mfumo wenyewe. Mtu ana dirisha la choo, anataka aone Ukerewe!

FENI (kutoka ndani ya kasha, kwa sauti ya kukwaruza): Na mimi msinisahau. Ule msimu wadudu wa ziwani walipopanda juu kama moshi, dirisha lilikuwa wazi. Wamo humu mpaka leo, mabawa yao na vumbi vimekuwa mkeka. Nazunguka hewa haipiti. Kompyuta akichemka anajipunguzia kasi mwenyewe asiungue.

MJUSI: Nathibitisha. Wengine niliwala, lakini tumbo la mjusi lina mpaka.

MZEE REDIO: Basi kesi imekwisha! Ruta huru, Kompyuta afungwe.

RUTA: Ahsante, Mzee!

MJUSI: Taratibu. Jumanne je? Jumanne Dogo alicheza hapa bila shida, jua lilienda kwa dakika zake 20. Lakini wa Nyakato na wa Bukoba walikuwa wanabomoa tofali, na tofali linarudi. Wanakimbia hatua kumi, wanarudishwa tano. Mchezo uliganda saa mbili usiku mpaka saa tatu kasoro, halafu ukaachia wenyewe. Jumatano, saa ile ile. Alhamisi, saa ile ile. Hapo Kompyuta hana kosa. Tatizo lipo mlangoni, kati ya nyumba hii na dunia.

MZEE REDIO: Kwa hiyo ni Ruta!

RUTA: Ni mlango wangu, sikatai. Lakini Mzee, waulize wanaopita mlangoni. Kompyuta amesema yeye kivuko. Mimi ni ile foleni ya magari pale gatini. Pakiti za mchezo ni pikipiki, ndogo na nyepesi, zina haraka. Sasa kila siku saa mbili usiku kuna mtu analeta malori. Malori ya video! Nami nilifundishwa adabu: usimfukuze mtu, mpange kwenye foleni asubiri. Foleni yangu ni ndefu, pikipiki anajipanga nyuma ya lori la arobaini. Hakuna aliyepotea, ila wote wamechelewa.

MJUSI: Na ugonjwa huo si wa Kirumba tu. Mhandisi wa Marekani, Jim Gettys, aliugundua kwenye mtandao wa nyumbani kwake mwaka 2010. Kumbe vifaa vya dunia nzima vilikuwa vimepewa foleni ndefu kupita kiasi, kwa nia njema.

MZEE REDIO: Sawa. Nani mwenye malori? Katibu, andika jina lake.

(Simu haandiki.)

MZEE REDIO: Katibu?

SIMU: Mzee, naomba kwenda faragha.

MJUSI: Dada anarudi kutoka dukani saa moja na nusu. Saa mbili kamili anamweka Simu kwenye chaji. Simu akishika chaji na Wi-Fi, anaanza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mbali. Wiki hii ilikuwa kitchen party, pande tatu, kutoka kamera mbili.

SIMU: Sikujua kama ni kosa! Nimewekewa hivyo: chaji ikiingia, pandisha.

MZEE REDIO: Katibu wa tume ndiye mhusika wa tukio, na ameshachukua posho!

SIMU: Si ndiyo kawaida, Mzee?

(Redio anakohoa mawimbi.)

MZEE REDIO: Haya. Dawa ni moja, kifurushi kikubwa zaidi. Pale Kigongo na Busisi serikali haikupanga foleni, ilijenga Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3, likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Dogo naye ajenge daraja!

RUTA: Daraja lile ni zaidi ya shilingi bilioni 700, Mzee, na Dogo bado anaomba nauli. Halafu aliponunua kifurushi aliuliza kasi ya kushusha peke yake. Anayetazama sinema anashusha. Mwenye seva anapandisha. Kila mchezaji aliye nje anasubiri kitu kitoke humu ndani. Mimi nina sehemu ya mipangilio inayosema: pikipiki zitangulie, malori yasijaze barabara yote. Haijawahi kufunguliwa. Na Simu anaweza kupandisha saa tisa usiku, wote wamelala.

SIMU: Saa tisa nakubali. Usiku huo hata mimi sina umbea.

MJUSI: Kesi ya tatu. Mdogo wake Dogo anachezea sebuleni, na anaganda peke yake, siku zote.

RUTA: Huyo ni jiwe. Kati yangu na sebule kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna jiwe lenyewe la Mwanza, ambalo mjenzi alishindwa kulivunja akalifanya kona ya nyumba. Wi-Fi haipendi mawe. Nikimrushia pakiti kumi, tatu zinagonga jiwe, narudia kurusha. Angevuta waya tu. Waya tulikuwa nao, mita kumi na tano.

MZEE REDIO: Uko wapi?

WAYA (kutoka uani, kwa mbali): Nipo huku! Nimeanikiwa soksi na kanga mbili!

(Kicheko. Hata Feni anakwama kidogo.)

MZEE REDIO: Na yule binamu wa Muscat? Naye analalamika.

MJUSI: Huyo hana mkosaji, Mzee. Hapa mpaka Muscat ni kama kilomita 4,000 hata ukinyoosha kamba juu ya mawingu. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 40, na waya haunyooki hivyo hata siku moja. Hiyo ni nauli ya umbali. Huwezi kumpiga kofi kondakta kwa sababu Muscat ni mbali.

RUTA: Hata Bukoba inashangaza. Meli ya MV Victoria inavuka ziwa moja kwa moja kutoka hapa. Lakini pakiti ya Bukoba, ikitoka kwenye kampuni nyingine ya simu, mara nyingi inakwenda kwanza Dar es Salaam kukutana na kampuni yetu, ndipo irudi Mwanza.

MZEE REDIO: Inapitia Dar kuja kwa jirani? Hiyo naifahamu. Hata barua za uhamisho zilikuwa zinapita huko.

(Kimya kidogo. Mzee Redio anasafisha koo.)

MZEE REDIO: Katibu, andika ripoti. Moja, Feni asafishwe, na kuku wapunguzwe, walau wabaki hamsini. Mbili, upeo wa kuona ushuke kutoka 32 mpaka 6. Hiyo ni hesabu gani?

SIMU: 13 kwa 13, vipande 169.

MZEE REDIO: Tatu, Simu apandishe mizigo yake saa tisa usiku, na pikipiki zitangulie kwa Ruta. Nne, Waya avuliwe soksi. Tano, binamu wa Muscat apewe pole. Haya yote yatagharimu kiasi gani?

MJUSI: Brashi ya rangi ya kufutia vumbi. Ipo chini ya kitanda.

MZEE REDIO: Bure kabisa? Ripoti ya bure nani ataisoma?

KOMPYUTA: Isomwe isisomwe, Mzee, mimi naomba kitu kimoja. Mchezo ukiganda, mtu aangalie kwanza nani ameganda, saa ngapi, na jua linakwendaje. Akishajua hayo matatu, kofi halina kazi.

(Mlango unafunguka. Dogo anaingia, anakaa, anabonyeza. Banda la kuku linatokea kwenye skrini. Kuku mia tisa wamesimama, hakuna anayepepesa. Jua la mchezo limening'inia juu ya kilima. Dogo anafyonza, anasimama, ananyoosha mkono dirishani na kumpiga Ruta kofi la nne. Ndani ya Kompyuta, kwenye daftari, mstari mpya unaandikwa: nimechelewa milisekunde 2,400, tiki 48. Ni mstari wa ishirini. Daftari halijafunguliwa.)