Pipa, Mama Mkwe na Hesabu ya Kuni

Kasongo hakuna baridi, atakwambia mgeni. Mgeni huyo hajaamka alfajiri ya mwezi wa saba, umande umelala juu ya mabati, na mzee wa nyumba amekaa kibarazani akingoja maji ya kutawadha. Maji ya moto kwetu si anasa. Wanayataka wazee, wanayataka akina mama waliotoka kujifungua, wanayataka watoto wenye homa, na kuliko hao wote anayataka mama mkwe akija kutoka Kabambare.

Kwa ajili yao tuna pipa. Ni pipa la lita 200, liliingia mjini zamani likiwa na mafuta ya gari. Baba alilikata juu, akalikalisha kwenye mafiga nyuma ya nyumba, na tangu hapo linachemsha. Chini limeoza likazibwa, kisha likaoza pembeni ya kiraka. Fundi wa kuchomea wa mtaani amelizoea hata haulizi lina nini, anauliza tu, “Safari hii upande gani?” Viraka vimeshikana na viraka, na sidhani kama pipa alilolinunua baba limebaki nusu.

Habari ya kulibadilisha ililetwa na mama watoto. Yeye ni Mbangubangu wa Kabambare, mimi Mkusu, na nyumbani kwetu neno zito halitoki bila kutanguliwa na utani.

“Baba watoto, hili pipa lenu linakula kuni kuliko ninyi mnavyokula wali.”

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye mlango wa jiko. Kupasha lita 200 za maji kutoka digrii 22 hadi 50 kunataka joto la megajuli 23 na kitu. Kilo moja ya kuni kavu ina kama megajuli 16, kwa hiyo kwa macho ungedhani kilo moja na nusu zinatosha. Lakini moto wa mafiga hukipa chombo asilimia 10 hadi 15 tu ya joto lake. Lililobaki linapasha kuku, ukuta na mbuzi wa jirani. Hesabu ikatoka kilo 12 za kuni kwa pipa moja. Na hizo ni kuni kavu. Mbichi, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni maji, zinajichemsha zenyewe kwanza ndipo zikukumbuke wewe.

Jiko lililozungushiwa udongo, lenye mdomo mdogo wa kutilia kuni, hufikisha robo ya joto au zaidi kwenye chombo. Kilo 12 zinakuwa 6. Nikapiga mstari chini ya jibu, nikageuka kwa fahari.

“Hizo kilo sita tulizookoa,” akauliza mama watoto, “umeziandika kwa franka ngapi?”

Nilikuwa nimeandika sifuri, kama linavyoandika daftari la kila mwanamume wa mtaa huu, maana kuni hatununui. Zinatoka shambani. Zinatoka kwa miguu yao wenyewe, mtu angedhani. Akaninyang'anya chaki, akaongeza safu yake: njia ya kwenda porini, ambayo kila msimu inarefuka kwa sababu mashamba yanausukuma msitu nyuma, shingo yake, shingo za mabinti, na saa ambazo angekuwa sokoni akiuza. Nafasi ya mlango ikamwishia, akaendelea ukutani.

Nadhani hapo ndipo hesabu ya jiko jipya inapopinda. Ulaya mtu akitaka kung'oa mtambo wake mkuukuu wa kupasha maji anafungua ankara ya gesi. Kilichookolewa kinaonekana kwenye karatasi, na mwenye kulipa ndiye mwenye kuamua. Kwetu akiba inaangukia shingo ya mtu mwingine, na shingo haileti ankara.

Basi tukatafuta. Mdogo wangu, anayeuza simu na paneli sokoni, alisema dawa ni jua. Nikampigia hesabu: paneli ya wati 100, jua likiwa kali bila wingu, itapasha ndoo ya lita 20 kwa muda wa saa 6 na nusu. Mzee angepata maji ya alfajiri wakati wa alasiri. Mdogo wangu akasema basi ninunue paneli kumi. Biashara anaijua.

Jirani akashauri makala. Hayana moshi, kweli, na babula, jiko lake dogo, inaingia hata chini ya meza. Ila katika tanuru la udongo kilo moja ya makala humeza kilo sita, saba za kuni, pengine zaidi, na moshi usiouona jikoni umeachwa huko porini.

Mwisho tukachangisha likelemba, mchango wetu wa zamu, tukaagiza Kindu jiko la kuni, la bati lenye moyo wa udongo uliochomwa, umbo lile lililoanza kusambaa Kenya miaka ya 1980, kiuno chembamba kama cha ngoma. Karne ya 19 pembe za ndovu za mfanyabiashara Tippu Tip zilitoka hapa Kasongo, zikapita Kabambare na Ujiji mpaka pwani, zikafika nzima. Sizisifu safari zile, maana wengi waliobeba pembe hizo hawakuulizwa. Jiko langu lilipanda pikipiki, likaja zaidi ya kilomita 200 za mashimo, na mwenye pikipiki akanikabidhi bati zuri lenye vigae ndani.

“Mwalimu, jiko limefika,” akasema. “Moyo ndio umekata tamaa njiani.” Nauli hakuipunguza hata franka moja.

Mama watoto hakulia. Alienda kuchimba udongo wa kichuguu, akaukanda na majivu, akavishika vile vigae, akaliacha jiko likauke kivulini. Mimi nikarudi kwa pipa, kwa sababu mama mkwe alikuwa njiani.

Alfajiri aliyoingia bafuni, pipa lilikuwa limejaa pomoni na moto ukivuma. Kiraka cha katikati kikaachia. Lita 200 zikashuka juu ya moto kwa mshindo mmoja. Mvuke, majivu, kuku wakapanda paa, na uwanja mzima ukawa uji wa kijivu. Kule nyuma ya uzio mama mkwe alikuwa amekwisha kujipaka sabuni, na mkwe hamsogelei mkwe wake bafuni hata nyumba ikiungua. Nikamtuma mwanangu mdogo.

“Bibi, baba anasema maji yamezima moto.”

“Mwambie baba yako, moto ndio kazi yake kuzimwa. Mimi nataka maji.”

Mtoto akarudi kwangu: “Bibi anasema ni kazi yako.”

Mama watoto alikuwa ameshawasha lile jiko la kichuguu. Akateleka sufuria ya lita 20, akaifunika, akachochea vijiti vichache, havifiki kilo mbili. Yalipochemka akayachanganya na ya baridi, mama akaoga, mzee akatawadha, na mtoto akaoshwa majivu. Mama mkwe akatoka amejifunga kitenge, akaitazama sufuria, akalitazama pipa.

“Kumbe mna sufuria yenye kifuniko! Hili pipa mlikuwa mnamchemshia nani?”

Swali hilo sikuwa nimeliandika mlangoni. Nyumba yetu haijawahi kuoga lita 200 asubuhi moja. Tulijaza pipa kwa sababu lilikuwa pipa.

Sasa pipa linauzwa. Wachemsha ngazi, matunda ya mawese, wameshakuja kuligonga na kulisikiliza, wakaondoka kwa adabu. Wewe msomaji, ukiwa Kasongo au hata Kabambare na una ngazi za kuchemsha, njoo tuelewane. Viraka vya juu ni vizima kabisa, na fundi wa kuchomea nitakuonyesha anapoishi.