Jinsi ya Kuacha Nyama Katoro Bila Kuitishiwa Kikao cha Ukoo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyevuka miaka 45, mkazi wa Shinyanga, Kahama, Geita au Katoro, ambaye daktari amemtajia mambo matatu kwa mfululizo: presha, sukari, nyama. Usione aibu, wenzako ni wengi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na presha ya juu takriban robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, na wenye kisukari walikuwa kama asilimia 9. Wewe umeamua kuhamia kwenye majani na mikunde. Kula ni kazi nyepesi. Kazi ni majirani.

Hatua ya 1: Chagua maelezo yako mapema

Wiki haitaisha kabla mtaa haujatoa hukumu. Hukumu zinazokubalika ni nne. Kwanza, umefilisika: duara, yaani shimo lako la dhahabu, halijatema, na mwenye kibanda cha supu anataka deni lake leo. Pili, umeingia Usabato. Jumamosi watu watapita kuhakikisha kama umefungua duka. Tatu, una ugonjwa usiotajwa, na shangazi zako wamekwisha kupanda basi kutoka Kishapu kuja kukuona mara ya mwisho. Nne, mganga amekupa masharti ya kupata dhahabu.

Ukweli wenyewe, kwamba unataka kuwaona wajukuu, haumo kwenye orodha. Ukisema, "Daktari kanikataza," utapewa pole, na pamoja na pole mshikaki: "Ngosha, kidogo tu hakiui." Lakini ukiinamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, "Nina masharti," hakuna atakayekusogezea hata mfupa. Ukanda huu humheshimu anayejinyima kwa ajili ya dhahabu. Anayejinyima kwa ajili ya figo zake anaonekana ana maringo.

Hatua ya 2: Usihubiri kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu

Oktoba 2015, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba nyama za kusindikwa, kama soseji, husababisha saratani, na kwamba nyama nyekundu huenda nayo ikasababisha. Ni habari muhimu sana. Usiisome mbele ya wachimbaji. Mtu anayevuta vumbi la mawe kutwa nzima, na jioni akakamua zebaki kwa mikono mitupu kisha akaichoma hapohapo anapokaa, hatishwi na mshikaki. Atakutazama kwa huruma, halafu akununulie supu.

Dawa ni kubadili njia. Saa ya hatari ni asubuhi, kongoro linapochemka na chapati zinapogeuzwa. Pita upande wa pili wa barabara. Kama kidole gumba cha mguu hukuamsha usiku kwa maumivu, huenda ni gauti, na utumbo, maini na nyama nyekundu huichochea. Bia nayo haina pembe wala kwato, lakini gauti inaipokea kwa heshima zote.

Hatua ya 3: Usiokoke kwa chipsi

Wapo wanaoacha nyama Jumatatu, na kufikia Ijumaa wanaishi kwa chipsi kavu, maandazi, wali mweupe na soda. Hakuna mnyama aliyedhurika. Aliyedhurika ni kongosho. Soda nyingi za mililita 350 zina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na mafuta ya chipsi yamekaangia watu wengi kabla yako. Ukirudi kliniki na vipimo vilevile, usiusingizie mchicha.

Hatua ya 4: Nunua kabla India haijanunua

Kwenye mbuga za udongo mweusi, mvua zikielekea kuisha, Usukuma hupanda dengu. Dengu hiyo hupakiwa kwenye magunia na nyingi huishia India, ambako mamilioni ya watu hawajawahi kuonja nyama na wanaendelea na shughuli zao. Sisi tunalipwa, kisha tunapanga foleni ya kongoro. Wahi gunia moja kabla lori halijaondoka.

Ongeza choroko, kunde na njugu mawe. Mikunde ikiliwa pamoja na ugali wa mtama au wa mahindi yasiyokobolewa, mwili unapata protini bila kuchinja mtu wala mbuzi. Mboga iwe nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ikiungwa kwa karanga. Karanga yenye ukungu au ladha chungu itupe, huenda ina sumukuvu. Mlenda uwepo. Jioni, matobolwa au michembe, kwa kiasi: ni viazi vitamu, na kukauka hakukufuta wanga wake.

Madini ya chuma kwenye mboga hayachimbiki kirahisi. Kamulia limau au weka ukwaju, na chai isubiri kama saa moja baada ya chakula, kwa kuwa huyazuia yasiingie mwilini. Vitamini B12 haimo kwenye majani, kwa hiyo maziwa mgando na mayai yabaki mezani. Ukiviacha hivyo pia, muulize daktari kuhusu vidonge.

Hatua ya 5: Harusi, misiba na mnada

Kwenye mnada wa ng'ombe wa Mhunze, kule Kishapu, utaambiwa Msukuma hawezi kuishi bila nyama. Usibishane; mtafute mfugaji mwenyewe. Mwenye ng'ombe 100 hachinji ovyo: ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni ada ya shule. Nyumbani kwake chakula cha siku nyingi ni ugali, mboga ya majani na mgando. Nyama ya kila siku ni ya mjini, ya mwenye fedha za jana zisizofika kesho.

Harusini, pokea sahani yako na umkabidhi kijana aliye jirani. Utaitwa mkarimu. Jihadhari tu na mama mwenye huruma atakayekuletea dagaa kwa siri: "Kula, baba, hii haihesabiki." Mjibu, "Mayu, masharti yanahesabu hata kisamaki cha furu."

Hatua ya 6: Pokea wanafunzi

Baada ya miezi michache, suruali itaanza kukulegea na utapanda ngazi bila kuhema. Jirani atakuja usiku, atafunga mlango, ataomba umwelekeze kwa mganga wako. Usimcheke. Mpe masharti:

1. Asiguse kongoro, soda wala bia.
2. Alfajiri atembee kwa miguu mpaka jasho limtoke. Asipande bodaboda, hukata nguvu ya dawa.
3. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Ugali usionekane kutoka nyumba ya pili.
4. Vidonge vya presha alivyopewa hospitali asiache hata siku moja. Mizimu haipendi mzaha.
5. Kila mwezi apime presha na kuziandika namba kwenye daftari, asimwonyeshe mtu isipokuwa aliyevaa koti jeupe.

Akirudi kuuliza dhahabu itatoka lini, mwambie masharti haya hukomaa kwa miaka 20, na lililo kubwa kuliko yote ni kwamba siku hiyo ikifika, naye awepo.