Namna ya Kuifikia Nyumba Tokyo Bila Jina la Barabara

Kwanza, acha kuuliza "ni barabara gani?" Barabara kuu za Tokyo zina majina, lakini njia za makazi, ambazo ndizo nyingi, hazina, na wenyeji hawaoni pengo lolote. Kinachopewa namba ni ardhi iliyo kati ya njia.

Chukua anwani ya makao ya serikali ya jiji: Shinjuku, Nishi-Shinjuku, 2-8-1. Anza na kikubwa, ushuke. Shinjuku ni mojawapo ya wilaya maalumu 23. Nishi-Shinjuku ni mtaa. Mbili ni kipande cha mtaa, wenyewe hukiita chome. 8 ni kitalu. 1 ni jengo. Mkazi wa Dodoma aliyezoea kuandika kitalu na namba ya kiwanja atalielewa hili upesi kuliko mgeni wa kutoka Paris.

Ukishafika kitaluni, usifuate namba kwa mstari. Sheria ya mwaka 1962 ilileta utaratibu wa kuhesabu majengo kwa kukizunguka kitalu, kwa hiyo namba 1 na namba ya mwisho huenda zikapakana ukuta. Mitaa ambayo haikupangwa upya bado hutumia namba za viwanja vya ardhi. Huko namba 5 inaweza kuwa mbali kabisa na namba 6. Zunguka, soma vibao vya milangoni, zunguka tena.

Ukikuta ramani imesimikwa njiani, usiitafute kaskazini juu. Nyingi huchorwa kwa kufuata upande anaotazama msomaji: kilicho juu ya ramani ndicho kilicho mbele yako. Simama ulivyo, tafuta alama ya mahali ulipo, kisha nenda. Nani aliyesema kaskazini lazima ikae juu?

Jambo la stesheni ni zito zaidi. Stesheni ya Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Ukitokea mashariki na mwenyeji wako anakusubiri magharibi, reli zote zimekaa kati yenu. Muulize mlango kabla hujaondoka, na umwombe akuchoree njia kutoka mlango huo: benki, kona, duka la dawa. Wala hatashangaa, hata kadi za mialiko huko huwekewa ramani ya namna hiyo.

Ukikwama, ingia koban, kile kibanda cha polisi wa mtaa. Ndani kuna ramani ya eneo lile, jengo kwa jengo, na kumwelekeza aliyepotea ni sehemu ya kazi ya askari. Mpe anwani iliyoandikwa Kijapani.

Mimi naupenda mpango huu. Anwani ya mtu inakuambia anaishi miongoni mwa nani, na hilo kwangu lina uzito kuliko jina la njia anayopita. Ukitaka kuviona vitalu vyenyewe kwa juu, rudi 2-8-1, upande hadi ghorofa ya 45. Kiingilio ni bure.