Sifa za Kupwelewa

Watu wa pwani tumesifia vingi. Tumesifia kaskazi na kusi, jahazi lililovimbisha tanga, nahodha asomaye nyota, mnazi na kila kitokacho mnazini. Kupwelewa hakuna aliyekusifia. Chombo kikikaa topeni maji yamepwa, baharia hulaani kimoyomoyo, abiria hulaani kwa sauti, na mama mwenye watoto wadogo humgeukia aliyepanga safari akamtazama bila kusema neno, jambo ambalo ni zito kuliko laana zote mbili. Hata mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujitetea. Basi leo nasimama upande wa mshitakiwa, na madai yangu ni haya: katika delta ya Rufiji, kwa familia inayosafiri na watoto wadogo, hakuna neema inayopita ile ya chombo kukaa juu ya tope na kukataa kwenda popote.

Nasaba kwanza, maana asifiwaye huulizwa kwao. Upande wa baba, kupwelewa kunatoka kwa maji kupwa, mwana wa mwezi na jua, ukoo unaotawala bahari zote za dunia. Upande wa mama kunatoka kwa tope, na tope la Rufiji si la kuokota. Limebebwa na Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu kutoka bara, likashushwa Kibiti polepole kwa karne nyingi, likazaa visiwa, vijito na msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, ambao hakuna unaoupita kwa ukubwa Afrika Mashariki. Kamba wanaouzwa Dar es Salaam kwa bei ya kutisha, wengi wao walilelewa humo wakiwa wadogo. Tangu 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Anayekwama hapo, basi, amekwama mahali penye mkataba. Wangapi hukwama kwenye foleni ya Mbagala kila jioni, na hakuna mkataba hata mmoja unaowatambua?

Tuje kwenye tabia. Sifa ya kwanza ya kupwelewa ni uaminifu, na ili uuone vizuri, uuweke kando ya wapangaji wa safari. Familia ikiamua kuwapeleka watoto kwa bibi huko Kiongoroni au Mbwera, huundwa kundi la WhatsApp. Baba mdogo huandika ratiba: kuondoka Dar es Salaam saa tisa usiku, kuacha lami Bungu, kufika Nyamisati saa moja asubuhi, kupanda boti saa moja na nusu. Shangazi anaahidi maandazi. Mjomba anaahidi mchango wa mafuta ya boti. Siku ikifika, mchango uko njiani, kiatu kimoja cha mtoto wa mwisho hakionekani, kaka yake ametapika kabla ya Mkuranga, na gari limesimama Bungu kwa sababu mtu ameona korosho. Katika orodha nzima hiyo, yaliyofika kwa wakati ni maji kupwa peke yake. Hayakuahidi kitu kundini wala hayakuombwa mchango, lakini yapo.

Tena hayabahatishi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku; ndani ya vijito huchelewa kidogo zaidi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50, na baada ya wiki moja hivi mambo yamegeuka: maji yamekuwa mafu, yanajaa saa nne asubuhi na hayapwi sana. Kijana wa Salale anayeshika pondo anaijua hesabu hii kabla hajaijua ya sehemu. Mwenye shahada mbili anayekodi boti kwa simu haijui, na ndiyo maana mazungumzo ya namna hii hayaishi gatini Nyamisati:

"Shikamoo, nahodha. Tunaondoka saa ngapi?"

"Marahaba, mama. Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nne. Kumi na nne Juni."

"Hiyo ya serikali, mama. Nauliza ya mwezi."

Mama hamjibu, kwa sababu simu yake inaonyesha kila kitu isipokuwa hicho. Wazee wake wangejibu kabla swali halijaisha. Walijua kwamba Idd el-Fitri, kwa kuwa ni mwezi mosi, haiwezi kukwepa bamvua hata mwaka mmoja. Anayekunywa chai ya Idd kwa nafasi, akapanda chombo saa tatu asubuhi, atamalizia sikukuu topeni na kanzu yake mpya. Walijua pia kwamba Idd el-Haji, mwezi kumi wa Mfungo Tatu, huwakuta watu katika maji mafu, yanayojaa kuelekea adhuhuri, wakati hata familia ya mjini imekwisha kupata viatu vyote. Likizo ya Juni, kwa upande wake, imepangwa bila kumwuliza mwezi, na kusi halikualikwa kikaoni. Kwa hiyo kupwelewa hakumwonei mtu. Kunamfikisha mahakamani yule tu aliyepuuza wito.

Sasa ushujaa. Yako mambo makubwa yanayosimuliwa kuhusu majeshi ya majini, na machache yanayosimuliwa kuhusu tope lililoyasimamisha. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliigundua kabla Oktoba haijaisha. Walikuwa na manowari kubwa zaidi, mizinga mizito zaidi na ufalme usiotuliwa na jua. Walichokosa ni maji ya kutosha chini ya mkuku. Wakabaki nje ya midomo ya mto, wakazamisha meli kuukuu mtoni ili kuziba njia, wakaleta ndege. Mwisho ilibidi vikokotwe kutoka Malta vyombo viwili vya kina kifupi, Severn na Mersey, vilivyokuwa vimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Vilishambulia tarehe 6 Julai 1915 vikashindwa, vikarudi tarehe 11, na siku hiyo Königsberg ikafikia mwisho wake. Mabaki yake yakamezwa na tope hilohilo lililoilinda. Miezi minane na zaidi dola kubwa ilingoja kwa adabu. Baba mwenye watoto watatu na tikiti maji moja analalamika kwa saa tatu.

Lakini ushujaa wa vita si kitu mbele ya kazi ya ulezi. Chombo kikienda mbio, mtoto wa miaka mitano haoni delta. Anaona ukuta wa kijani unaopita, anarushiwa maji usoni, na anauliza swali moja, "Bado?", mpaka injini yenyewe inachoka kulisikia. Kikikaa, delta hufunguka. Anatokea kaa mwenye gando moja kubwa kuliko mwili wake, akilipunga kwa wenzake. Anatokea samaki mwenye macho utosini, anayetembea juu ya tope na kuruka, na anayewathibitishia watoto kwamba walimu hawajasema yote. Miche ya mkoko, mirefu na iliyochongoka, inadondoka kutoka kwa mama zao na kujipanda yenyewe. Hapo mjomba anaweza kueleza uzazi wa mimea bila kuona haya. Jani la mchu likichumwa, kila mtoto analilamba na kukuta chumvi, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani.

Na mkomafi! Tunda lake ni kubwa kiasi cha mpira wa miguu wa mtoto, na likipasuka hutoa mbegu zenye pembepembe zilizokuwa zimebanana humo ndani bila kuacha nafasi. Wape watoto mbegu hizo na uwaambie wazirudishe zilivyokuwa. Maji yatapwa, yatajaa, na bado watakuwa wanabishana. Hakuna mchezo wa simu uliowahi kumnyamazisha mtoto wa Mbezi kwa muda kama huo, na huu haudai chaji.

Kisha lipo somo ambalo wazazi wa leo wanashindwa kulifundisha. Mtoto akimlilia mama hupata biskuti, akimlilia baba hupata simu, akimlilia bibi hupata vyote viwili. Topeni anakutana kwa mara ya kwanza na mkubwa asiyebembelezeka. Atalia, atagaragara, atamshitaki nahodha. Maji yatakuja kwa saa yake. Anayetoka Nyamisati akiwa amelijua hilo ameokoa ada ya mwaka mzima.

Wapinzani wana hoja, nami sitazikwepa. Wanasema jua ni kali. Ni kali, na mwavuli mliuacha sebuleni. Wanasema usubi wa mikokoni wanauma. Wanauma zaidi machweo, kwa hiyo hiyo ni hoja ya kupwelewa mapema. Wanasema mtoto hubanwa na haja. Ndoo yenye kifuniko na kanga mbili zinatosha, na abiria wote watageuka kutazama mikoko kwa ustaarabu ambao hawajawahi kuuonyesha kwenye daladala. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Huumiza matumbo matupu. La aliyefungasha wali, samaki wa kukaanga, machungwa na maji ya kunywa mara mbili ya aliyodhani yanatosha, haliumii.

Hoja moja tu nakubaliana nayo bila ubishi. Wapo wanaosema, "Kama tope ni zuri hivyo, watoto washuke wacheze." Wasishuke. Delta ina mamba na viboko, tope lake humeza mguu wa mtu mzima hadi nyonga, na maganda ya chaza hukata kisigino bila kutangulizwa na taarifa. Mashua yenye mkuku hulala ubavu maji yakipwa, na maji yakirudi ndipo kila mtoto anapotakiwa awe ameketi, ameshikwa na amevaa jaketi okozi la kimo chake. Nasema la kimo chake, kwa sababu la mtu mzima humtoka mtoto kwa juu mara anapogusa maji, na kwa sababu baba mdogo aliandika kundini kwamba majaketi "yatapatikana hukohuko". Sifa zangu zote zinaishia ukingoni mwa chombo.

Ndani ya ukingo huo, hata hivyo, nazirudia kwa nguvu. Mlinganishe mshitakiwa wangu na maji kujaa, mpenzi wa kila mtu. Maji yakijaa hufunika fungu na kisiki na kumpa mgeni imani kwamba kila mahali ni njia. Yakikutana na upepo wa kusi kwenye mdomo wa delta uitwao Simba Uranga huinua mawimbi ambayo hayaulizi nani ana miaka mitatu. Kupwelewa hakuna hadaa. Kunakuonyesha chini ya bahari palivyo, kwa uwazi ambao hakuna ofisi iliyowahi kuufikia. Na mashua iliyokwisha kukaa chini haina tena mahali pa kuzama.

Hata wanaochukia kupwelewa hukuiga hatari inapokuja. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilionya mapema, na kilipofika tarehe 4 chombo salama kilikuwa kile kilichofungwa gatini. Kukaa gatini huku nauli imelipwa, mizigo imefungwa na watoto wanauliza "Bado?" nako ni kupwelewa, tena kwa hiari, na ndiyo daraja la juu kabisa la fani hii. Mzazi aliyekwisha kupwelewa kwa lazima hujifunza upesi kupwelewa kwa hiari. Anatazama utabiri wa upepo, anauliza mwezi una siku ngapi kabla ya kuuliza nauli, na nahodha akisema "leo hapana", hampandishii bei ili abadili mawazo.

Napendekeza, basi, kupwelewa kupewe hadhi yake rasmi. Ratiba ijayo ya baba mdogo isiishie kwenye "kuondoka" na "kufika". Katikati yake paandikwe wazi: saa tatu hadi saa saba, kupwelewa. Bajeti iwe na fungu lake: maji, chungwa moja la ziada kwa kila mtoto, mwavuli, na posho ya nahodha atakayejibu "Bado?" kwa niaba ya wazazi. Chombo kisipokwama, familia itakuwa imefika mapema na machungwa mkononi, na hakuna bibi atakayelalamika. Kikikwama, watakuwa ndani ya ratiba kwa mara ya kwanza tangu watoke Dar es Salaam. Na mweka hazina akidai risiti ya saa nne hizo, apewe namba ya mwezi.