Sifa za Mshale Usiopigika Picha

Simba amesifiwa, dhahabu imesifiwa, na hata pweza wa nazi ana watu wake wa kumsemea. Mimi leo nausimamia usio na mtetezi: ule mshale mdogo wa kompyuta, na hasa tabia yake ya kugoma kupigwa picha.

Aliyewahi kuandaa mwongozo wa kutumia programu anaujua mgomo huo. Unaupeleka mshale taratibu mpaka juu ya kitufe cha Hifadhi, unabonyeza Print Screen, unabandika picha kwenye ukurasa, unatazama. Kitufe kipo, dirisha lipo, hata saa ya pembeni ipo, inashuhudia kwamba ni saa nne usiku na bado hujala. Mshale haupo. Vijiweni husimuliwa habari za mganga aliyepiga picha na wenzake watano, ikasafishwa wakaonekana watano tu. Nilikuwa sisadiki. Siku hizi nanyamaza.

Nianze na nasaba, maana mtu asidhani mshale ni wa juzi. Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart aliketi mbele ya ukumbi wa wataalamu akawa anasogeza alama kwenye skrini kwa kipanya, kifaa ambacho mfano wake wa kwanza ulikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Hata ule ulalo wa mshale una historia. Mwanzo mshale ulitazama juu, wima. Kwenye kompyuta za Xerox za miaka ya 1970 nukta za skrini zilikuwa chache, na mshale mdogo uliosimama haukuonekana vizuri. Ukainamishwa, upande mmoja ukawa wima na mwingine nyuzi 45. Skrini zimeboreka tangu hapo, mshale umekataa kunyooka. Mwenye heshima zake hasimami kila anapoitwa.

Pili, una adabu. Kwenye kompyuta nyingi picha ya skrini hukaa mahali pake kwenye kumbukumbu, na mshale hukaa kwake. Kadi ya grafiki huutandika juu ya picha mwishoni kabisa, wakati wa kuipeleka kwenye kioo, ili ukikimbia huku na huko mashine isihangaike kuchora upya kila ulikopita. Print Screen huchota ile picha ya chini. Haiuruki mshale kwa dharau, haiukuti. Mgeni gani mwingine atapita juu ya mkeka wako siku nzima asiache hata mkunjo?

Tena tazama kiasi chake. Mwili wote ule, kichwa na mkia, ni pambo. Kinachobonyeza ni ncha, nukta moja tu ya skrini. Nazijua kamati zenye mwili mkubwa kuliko huo, na ncha hazina kabisa.

Lakini sifa ninayoipenda kuliko zote ni kwamba umenifundisha kazi. Kwa ajili yake nilianza kupiga picha skrini kwa simu: nikapata mawimbi ya rangi kama ya sabuni, na uso wangu umekaa juu ya orodha ya wadaiwa. Nikauchora kwa mkono wangu mwenyewe, ukatoka kama koleo. Nikachukua wa kwenye intaneti, mzuri, nikaubandika. Halafu nikapata programu inayoukamata ule wa kweli, nikasahau kuufuta wa bandia. Ukurasa mmoja, mishale miwili, kila mmoja na kitufe chake.

Wajuaji watasema kuna kisanduku cha kutiki. Ni kweli. Programu ya Greenshot inacho, GNOME ya kwenye Linux inacho, na Mac tangu toleo la Mojave la 2018 ukibonyeza Command, Shift na 5 utakuta chaguo la kuonyesha mshale, pamoja na la kusubiri sekunde 5 au 10 kabla ya kupiga. Jaribuni hizo sekunde 10. Mkono usitikisike, menyu uliyoifungua isijifunge. Unajikuta umebana pumzi kama uko studio kwa picha ya pasipoti. Ikifika sekunde ya tisa, programu inaamua kutafakari, na mshale unageuka kiduara kinachozunguka. Umeupata, ila umebadili nguo.

Mtaniuliza kwa nini nisiuache. Niliuacha. Mwongozo wangu wa kwanza, wa makarani wa chama kimoja cha akiba na mikopo, haukuwa na mshale hata mmoja. Ulikuwa safi. Karani mmoja mtu mzima, alipokwisha kuitikia shikamoo yangu, alipekua kurasa tatu akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "humu mwote hujashika kitu. Sasa mimi nikufuate wapi?"

Toleo la pili likawa na mishale kila ukurasa. Siku ya mafunzo mambo yalikwenda kama maji, nikaona kabisa kwamba watu hawasomi maelezo yangu, wanausoma mshale. Tukafika ukurasa wa 14. Pale usiku ule nilikuwa nimechoka, kisanduku nilikuwa nimekitiki, na mshale niliusahau kwenye kona ya chini, mahali peupe pasipo na kitufe, jina wala mstari. Ukumbi ukatulia. Nikapita nyuma ya viti: kompyuta kumi na mbili, na kwenye kila moja mshale umepelekwa kona ile ile, umesimama unasubiri.

Mama wa safu ya mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hapa tunabonyeza mara moja au mbili?"